Gebisa Ejeta: tusimusome vibaya



Tukitaja wasomi wakubwa wa jenetiki ya mimea mu Afrika, jina la Gebisa Ejeta halikosi. Alizaliwa Ethiopia mu 1950, akafanya doktora ku chuo kikuu cha Purdue, Marekani, na njo kule alianza kufundisha mu 1984. Mu 2009 akapata Tuzo ya Chakula ya Dunia. Wengi tunamusoma sawa hadithi ya mutoto wa kijiji mwenye alifika mbali. Mimi naona tunamusoma vibaya.

Tuangalie kazi yenyewe. Mu 1983, Sudan ilipata Hageen Dura-1, mtama chotara wake wenye kuvumilia jua. Ulizaa kupita ule wa kienyeji. Lakini mbegu ya chotara, mulimaji anainunua kila mwaka. Yenye anachunga ku mavuno haizae tena vile. Njo maana Ejeta hakuishia ku shamba la majaribio: alihangaika pia na bantu wa kuzalisha mbegu na kuiuza.

Kisha striga, ile magugu yenye kunyonya mizizi ya mtama na mahindi. Mbegu yake inalala mu udongo miaka mingi, inangoja kemikali yenye kutoka ku muzizi. Pamoja na Larry Butler, mutu wa kemia, alitafuta mtama wenye kutoa ile kemikali kidogo sana, striga isiamuke. Mu 1994 tani 8 za mbegu zikafika inchi 12 za Afrika. Na hii mbegu, mulimaji anaweza kuichunga mwenyewe.

Kwangu, hapa njo ukubwa wake, na hapa njo sifa za tuzo zinapunguka: zinaonyesha mutu mumoja, na ni rahisi kusahau Butler na bale walizalisha mbegu. Tena, mbegu peke haitoshe. Striga inaomba pia mbolea na kuchunga maji ya mvua.

Sasa niseme yangu. Memware yangu ya lisansi ilikuwa juu ya mahindi, hapa Mulungwishi. Mama mumoja jirani alinipa kipande cha shamba lake. Nilipata pointi nzuri. Yeye hakupata hata kikombe kimoja cha mbegu, na sikurudia kumuambia matokeo.

Ulizo langu kwetu sisi wote: memware yako, nani aliipanda?