Jinsi ya Kuikagua Slaidi ya Malaria

Ukitaka kuijua maabara ya malaria, usikimbilie hadubini yake. Omba slaidi za jana, uziinue moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

Slaidi njema ina matabaka mawili ya damu, nene na jembamba. Lile nene liwe duara la sentimita moja hivi. Slaidi ikiwekwa juu ya gazeti kabla ya kutiwa rangi, maandishi yasomeke. Yasiposomeka, damu imezidi na itabanduka wakati wa kuoshwa. Namba iwe ya penseli, kwani wino hufutika kwenye methanoli, na slaidi isiyojulikana ya nani ni ya kutupa hata kama imepakwa kwa ustadi.

Baada ya hapo, uliza damu ilikaushwa wapi. Huko Amani, kwenye ukungu wa Usambara Mashariki, watafiti walisoma slaidi kuanzia miaka ya 1950, na unyevu ndio uliokuwa adui wao wa kwanza. Tabaka nene huchelewa kukauka, nzi na sisimizi wakawahi kulila. Methanoli iliyoachwa wazi hunyonya maji hewani, kisha chembe nyekundu zinatokea na vishimo vinavyong'aa; mwanafunzi huviona akashangilia vimelea. Ukiteremka Tanga mjini au Pangani, tatizo ni joto: tabaka nene lililoachwa siku mbili tatu bila kutiwa rangi hujigandisha lenyewe, chembe nyekundu hazipasuki, na chini ya lenzi unakuta uwanja wa kahawia usiosomeka. Kosa hilo halionekani kwa macho matupu, ndiyo maana mimi hulihofia kuliko yote.

Rangi nayo ina ushahidi wake. Gustav Giemsa, aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki ya Wajerumani kabla ya kuchapisha fomula yake huko Hamburg mwaka 1904, alituachia kipimo kizuri: chembe nyeupe. Kiini chake kikiwa zambarau iliyokolea, rangi imefanya kazi. Maji ya kuchanganyia yawe pH 7.2, yakiwa na asidi kila kitu hugeuka waridi na kimelea hupauka. Vumbi jeusi lililotapakaa ni dalili ya rangi ya zamani au isiyochujwa.

Halafu fungua daftari la sampuli zilizokataliwa. Likiwa tupu kwa miezi, usisifu. Pengine hakuna anayekataa kitu, hata chupa yenye damu iliyoganda au fomu isiyolingana na lebo. Daftari zuri linataja sababu, saa, na wodi ilikotoka sampuli, ili mkuu wa maabara ajue aende kumwelekeza nani.

Gharama ya uzembe inajulikana huku kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulihusu wagonjwa 4,474 waliolazwa katika hali mbaya na kutibiwa malaria. Slaidi zao ziliposomwa kwa makini, 2,062 tu ndio walikuwa na vimelea. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine ambao pengine hakuna aliyeutafuta.

Kwa hiyo slaidi za kurudiwa kusomwa zichaguliwe bila mpangilio, chanya na hasi, na msomaji wa pili asijue wa kwanza aliandika nini. Maabara nyingi hupenda kurudia zile chanya, maana zinapendeza. Mimi ningeanza na zile hasi, nikauliza kama kweli sehemu 100 za tabaka nene zilipitiwa kabla jibu halijaandikwa.