Tafsiri ya hojaji isipimwe kwa takwimu pekee

Wapo watafiti wanaoamini kuwa tafsiri ya hojaji ikirudishwa katika lugha chanzi na kushabihiana na matini asilia, basi kazi imekwisha. Mimi siafiki. Hebu tuitazame hojaji fupi ya mambo ambayo mtu huyathamini maishani, iliyotokana na nadharia ya Shalom Schwartz ya mwaka 1992, inapotiwa katika Kifaransa.

Hojaji hii ina vipengele 21, nayo imetumiwa katika Utafiti wa Kijamii wa Ulaya tangu 2002. Thamani zinazopimwa ni kumi. Tisa zina vipengele viwili viwili, na moja ina vitatu. Kila kipengele humchora mtu fulani kwa maneno machache, kisha anayejibu huulizwa anafanana naye kwa kiasi gani, katika ngazi sita.

Ufupi huo ni faida, lakini pia ni hatari. Neno moja likikosewa, nusu ya kipimo imekwenda. Chukua kipengele cha mtu apendaye raha. Kiingereza kinatumia kitenzi 'spoil' kwa maana ya kujidekeza. Mfasiri mvivu ataandika 'se gâter'. Ni kweli 'gâter' ni kumdekeza mtoto, ila kikitanguliwa na 'se', Mfaransa husikia hali ya hewa inayochafuka au chakula kinachooza. Sasa mpe mfasiri wa pili airudishe. Ataandika 'spoil' bila wasiwasi wowote! Matini mbili zitafanana kama shilingi kwa ya pili, na kosa bado limo. 'Se faire plaisir', yaani kujifurahisha, lingefaa zaidi japo kwa umbo liko mbali na Kiingereza.

Takwimu nazo je? Alfa ya Cronbach huonyesha iwapo majibu yanakwenda pamoja. Ikishuka pale penye vipengele viwili tu, lawama ni ya tafsiri au ya ufupi? Namba yenyewe haisemi.

Ndiyo maana utafiti huo wa Ulaya hutumia jopo: wafasiri zaidi ya mmoja, mapitio, uamuzi, kisha majaribio. Kwangu mimi, jaribio la maana ni kuketi na wasemaji wa Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi na kuwauliza: hapa umeelewa nini? Matokeo ya hojaji hizi hulinganisha mataifa. Kosa la mfasiri likipita, litasomwa kama tabia ya taifa zima, eti Wafaransa hawapendi raha!

Nasi tusicheke. Kwa Kiswahili, 'kujiharibu' si kujidekeza, ni kujiangamiza. Wanafunzi wetu wa uzamifu hufasiri hojaji kila mwaka, na aghalabu huambatisha jedwali la alfa tu. Wasimamizi wadai pia maelezo ya walioulizwa, kwa maneno yao wenyewe, kabla ya kuruhusu data ikusanywe.