Beti Hufuata Bunduki

Mtu akikuletea mkanda wa risasi wa ngozi laini, unaokunjika bila kupasuka, akasema umefukuliwa shambani Biharamulo penye mahandaki ya Wajerumani, usianze kubishana naye kuhusu bei. Muulize kwanza ngozi hiyo iliwezaje kukaa ardhini zaidi ya miaka mia moja bila kuoza. Udongo wa Biharamulo na Ngara hunyeshewa misimu miwili kwa mwaka, hukauka, kisha hulowa tena. Una kuvu, una mchwa. Ngozi ikizikwa humo huisha mapema kuliko aliyeivaa atakavyosahaulika. Kinachobaki ni shaba: bizimu, ribiti, ganda la risasi lililogeuka kijani. Mkanda mzima na mlaini huwa ulikaa sandukuni au darini, au basi umetoka kiwandani mwaka juzi.

Wakusanyaji wengi huanza na ngozi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi naona waanze na bunduki. Mkanda wa risasi haukubuniwa uwe pambo la kiunoni. Ulibuniwa ubebe risasi ya ukubwa fulani na kuitoa kwa namna ambayo bunduki fulani ilidai. Ukiijua bunduki, nusu ya kazi ya kuutambua mkanda imekwisha.

Wilaya hizi mbili na jirani zake zimeona bunduki za majeshi matatu katika muda mfupi, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria, wakaishambulia Bukoba kwa siku mbili na kuangusha mnara wa simu ya upepo. Mwaka uliofuata jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, liliingia Kigali mwezi Mei, likavuka kuja upande huu, na Juni 24, 1916 brigedi ya Kanali Philippe Molitor ikaikamata Biharamulo. Siku chache baadaye, Julai 3, ikapigana huko Kato na Wajerumani wa Kapteni Gudowius waliokuwa wakirudi nyuma kutoka upande wa Bukoba. Gudowius mwenyewe akajeruhiwa na kutekwa. Kisha majeshi yakashuka kusini kuelekea Tabora, iliyotekwa Septemba 19. Boma la Wajerumani la Biharamulo bado lipo, na simulizi nyingi za "mkanda wa Mjerumani" huanzia kwenye kuta zake.

Sasa tazama bunduki zenyewe. Mwaka 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado na Mauser ya muundo wa 1871: inaingiza risasi moja moja, ina kipenyo cha milimita 11 na hutumia baruti nyeusi ambayo moshi wake ulimwonyesha adui askari alipolala. Kampuni nyingine zilikuwa zimeshapewa Mauser ya 1898, yenye milimita 7.92, risasi tano kwenye klipu na baruti isiyotoa moshi. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyokuja kwa jina la bandia Kronborg, ilipigwa na Waingereza katika ghuba ya Manza karibu na Tanga, lakini shehena yake ikaokolewa. Humo mlikuwa na bunduki za 1898 na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya chumvi, na ikabidi zifunguliwe na kukaushwa. Tangu hapo bunduki za moshi zilianza kupungua mikononi mwa askari. Kwa Wabelgiji, bunduki iliyozoeleka kwa miaka mingi katika Force Publique ilikuwa Albini, nayo ya milimita 11, nayo ya risasi moja moja. Askari wa Keya, yaani jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na Waingereza wenyewe walikuwa na .303.

Vipimo vya risasi hizo ndivyo vinavyoufunga ushahidi. Risasi ya Mauser ya 1871 ina ganda lenye kitako cha karibu milimita 15, na kichwa chake cha risasi pekee kina gramu 25. Ile ya 1898, baada ya mabadiliko ya miaka ya 1903 hadi 1905, ina kitako cha milimita 12 hivi na kichwa cha gramu 10. Askari aliyebeba risasi mia moja za aina ya kwanza alibeba kilo nne na zaidi kiunoni. Za aina ya pili zilikuwa kilo mbili na nusu hivi. Kwa hiyo kitanzi kilichoshonwa kushika ganda la 1871 kitaiachia ile ya 1898 idondoke njiani, na kitanzi cha 1898 hakitaipokea ya 1871 hata ukiisukuma kwa kiganja. Chukua ganda tupu lililokwisha kupigwa, la aina unayoijua, ujaribu. Jaribio hili halihitaji maabara, na limewahi kuangusha hadithi nyingi za mababu.

Klipu ndiyo iliyobadilisha umbo la mkanda. Bunduki ya risasi moja moja humtaka askari achomoe risasi moja kwa vidole, aisukume ndani, afyatue, arudie. Kwake safu ya vitanzi vilivyo wazi inafaa. Bunduki ya klipu humtaka achomoe risasi tano kwa mkupuo. Vitanzi hapo havina maana, na mahali pake huja beti zenye kifuniko. Wajerumani wa Ulaya, kwa muundo wa mwaka 1909, walivaa mafungu mawili ya beti tatu tatu, kila beti klipu nne, jumla risasi 120. Waingereza walipata somo lao kwenye vita vya Makaburu: vitanzi wazi vilipoteza risasi nyingi kwenye mwendo wa farasi na kwenye kutambaa. Ndipo mwaka 1903 wakatoa mkanda wa ngozi wa begani wenye mifuko mitano yenye vifuniko, risasi kumi kila mfuko. Mwaka 1908 wakahamia utepe mnene wa pamba wenye mifuko kumi na risasi 150, karibu kilo nne za shaba na risasi zikining'inia kifuani.

Kuhama huko kutoka ngozi kwenda pamba kulikuwa na sababu ya kikemia, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hubaki na asidi na mafuta. Shaba ya ganda ikikaa ndani yake, hasa penye joto na unyevu, huota ute wa kijani unaogandisha risasi ndani ya kitanzi. Vitani, risasi isiyochomoka ni sawa na kutokuwa nayo. Anson Mills, ofisa wa jeshi la Marekani aliyepata hataza ya mkanda wake wa vitanzi mwaka 1867, alikerwa na jambo hilo hilo, na mwishowe akaacha ngozi kabisa. Alitengeneza mikanda ambamo vitanzi vinafumwa pamoja na mkanda wenyewe kwenye kitanda cha kufumia, bila kushonwa. Kampuni iliyobeba jina lake ilikuja London, na utepe wa 1908 ni mtoto wake. Kwa mkoa kama huu wa Kagera, ambako ukungu hula hadi viatu vya kanisani, ngozi ilikuwa chaguo baya tangu siku ya kwanza. Majeshi ya kikoloni yaliendelea nayo kwa sababu ilikuwa ghalani.

Ukishaulinganisha mkanda na bunduki, ndipo uanze kuusoma kwa jicho la fundi viatu. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya magome ni kahawia kuanzia juu hadi ndani. Ngozi iliyotengenezwa kwa kromu, ambayo viwanda vya leo huipenda kwa kuwa ni rahisi na ya haraka, huonyesha rangi ya kijivu au buluu katikati hata kama uso umepakwa kahawia. Ufundi wa kromu ulikuwepo tangu karne ya 19, lakini mikanda ya kijeshi ya wakati ule kwa kawaida ilikuwa ya magome, hivyo ukingo wa buluu unatosha kukufanya uache kuhesabu fedha.

Mshono nao una lugha yake. Fundi wa zamani alitoboa kwa msharasi na kupitisha nyuzi mbili za kitani zilizopakwa nta. Matundu huwa na mshazari mdogo na hayalingani kabisa. Cherehani ya leo hutoa mishono iliyopangika kama meno ya kitana. Lakini tahadhari: viwanda vya 1914 vilikuwa na cherehani pia, kwa hiyo mshono wa mashine peke yake hauhukumu. Uzi ndio unaohukumu. Chomoa unyuzi mmoja ulioachia wenyewe, usikate, uuchome mbali na mkanda. Kitani na pamba huungua na kuacha majivu. Poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga mweusi. Tochi ya urujuanimno husaidia pia: nyuzi na vitambaa vingi vilivyotengenezwa baada ya Vita vya Pili vimetiwa kemikali za kung'arisha, na gizani hung'aa buluu. Ukifua mkanda wa kale kwa sabuni ya kisasa nao utang'aa, kwa hiyo usimhukumu muuzaji kwa mwanga huo pekee. Sumaku iweke mfukoni: bizimu linalodaiwa kuwa la shaba likiivuta, ni chuma kilichopakwa.

Wanaozeesha mikanda kwa makusudi hutumia chai, kahawa, siki na msasa. Kasoro yao kubwa ni usawa. Mkanda uliovaliwa kweli umechakaa mahali: penye tundu moja la bizimu ambalo mwenyewe alilizoea, chini ya beti zilizogonga paja, nyuma palipolowa jasho. Mkanda uliozeeshwa umechakaa kila mahali kwa kiasi kimoja.

Halafu kuna mihuri, ambayo hudanganya kuliko kitu kingine. Herufi ABL zikigongwa kwenye mkanda wa pamba ni za jeshi la Ubelgiji, na watu huzisoma wakaruka moja kwa moja hadi Molitor na mwaka 1916. Mikanda ya pamba yenye herufi hizo, ikifuata muundo wa Waingereza wa 1937, mara nyingi ni ya baada ya Vita vya Pili. Vilevile beti kubwa mbili za muundo wa 1937, zilizopimwa zibebe magazini za bunduki ya Bren, ni za askari wa Keya wa Abyssinia na Burma, hazina uhusiano na boma la Biharamulo. Kwa maoni yangu kitu cha namna hiyo, kikitoka kwenye sanduku la babu Ngara, kina thamani zaidi ya hadithi ya Mjerumani, kwa kuwa kinaweza kufungwa na jina la mtu na safari yake.

Kwa mikanda ya karibu zaidi, ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, somo ni lile lile. Tanzania ilikuwa ikipata silaha nyingi kutoka China. Vibebeo vya kifuani vya Kichina kwa ajili ya AK vina mifuko mitatu ya magazini na midogo minne pembeni. Vya bunduki ya SKS vina mifuko kumi, kila mmoja risasi 20 katika klipu mbili. Ukikuta mfuko wa SKS unauzwa kama wa AK, muuzaji hajawahi kushika magazini.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wakusanyaji wa Ulaya hawalazimiki kulisema. Ngara si mahali pa kuchokonoa vyuma vya vita kwa starehe. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, mwanafunzi alikuja na bomu la mkono lililodhaniwa kuwa chuma chakavu. Lililipuka, likaua watoto na kujeruhi makumi. Kwa hiyo mkanda wenye risasi ndani usiuguse, usiutikise, usiununue "na vitu vyake". Waite polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitofautishi risasi ya kihistoria na ya jana kwa sababu tu ina kutu. Kwa upande wa mambo ya kale, Sheria ya 1964 inalinda bila tamko maalumu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mkanda wa 1914 hauingii humo wenyewe, na ndiyo maana vitu vya vita hivyo huvuka mpaka kirahisi na kuishia kwenye minada ya mbali.

Aliyepata mkanda halisi asiupake mafuta ya kula wala rangi ya viatu. Ngozi ya magome iliyozeeka mara nyingi huanza kuwa unga mwekundu unaopaka vidole, na mafuta huufunga unyevu na vumbi ndani yake. Uutandaze bila kuukunja, mbali na ukuta wenye unyevu, kwenye karatasi isiyo na asidi, na bizimu lisiguse ngozi. Kipande cha pamba katikati kinatosha. Andika kwenye karatasi pembeni ulitoka kwa nani, kijiji gani, mwaka gani, na risasi ya bunduki gani inaingia kwenye vitanzi vyake.

Nakala nazo zina kazi yake. Watu wanaoigiza vita vya zamani Ulaya na Marekani huzivaa na kuzichakaza bila kuharibu kitu cha asili, na warsha za India huzitengeneza kwa wingi. Chumba cha maonyesho shuleni Ngara kingefaidika zaidi na nakala nzuri ambayo watoto wanaweza kuivaa na kuhisi uzito wake, kuliko na mkanda halisi unaomomonyoka nyuma ya kioo. Sharti langu ni moja: muhuri wa mtengenezaji na mwaka wa leo ugongwe ndani ya ngozi, mahali ambapo msasa hauwezi kuufuta bila kuacha shimo.