Safu ya Tatu: Nani Aliyekubali?



Leo mniwie radhi kidogo. Mnanijua kwa uhakiki wa riwaya na tamthilia, lakini maandishi ninayotaka kuyahakiki hapa hayana mwandishi anayejulikana, hayauzwi dukani, na wala hakuna aliyewahi kuyapenda. Hata hivyo yamejazwa na kutiwa sahihi na watumishi wa serikali ya Tanzania mwaka hadi mwaka. Nazungumzia fomu ya OPRAS.

Sababu yenyewe ni hii. Mdogo wangu ni afisa ugani katika halmashauri moja huko nyumbani, sitaitaja. Juzi juzi kanipigia simu usiku: "Shikamoo dada. Nimeshushwa cheo, na nimebakiwa na siku 19." Siku 19 za nini? Za kukata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma. Kanuni zinampa mtumishi siku 45 tangu apokee barua ya uamuzi, na mwenzangu 26 alikwishazimaliza kwa kuona aibu. Kosa lake limeitwa uzembe. Na ushahidi mkubwa wa mwajiri ni fomu zake mwenyewe, mbili za mwisho kabla OPRAS haijaachwa, zenye sahihi yake chini. Nikamwambia azipige picha zote anitumie.

Kabla sijafungua fomu yenyewe, tukumbushane kidogo tulikotoka. Mimi niliajiriwa 1996, enzi za fomu za siri. Mkubwa wako alikuandika kila mwaka, akafunga bahasha, ikapanda juu. Hukuona. Ulikuja kujua uliandikwa nini pale wenzako walipopanda daraja wewe ukabaki, au hukujua mpaka ukastaafu. Nilipoondoka kwenda kusoma udaktari sikuwa na hakika kama naondoka kwa hiari au nimeandikwa. Mpaka leo sijui. Kwa hiyo Julai 2004, OPRAS ilipoletwa ndani ya mageuzi ya utumishi wa umma yaliyoanza 2000, mimi nikiwa tayari huku ugenini nilishangilia. Neno la kwanza katika jina lake lilikuwa "wazi". Kwa Kiswahili uliitwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, kifupi MWAMTUKA. Nani mnamsikia akisema MWAMTUKA? Watu walisema "nimejaza opras", kama wanavyosema "nimelipa bili". Jina la Kiswahili lilibaki kwenye makaratasi, na mimi nasema hata ule uwazi wenyewe ulibaki humo humo.

Sasa tuisome. Fomu ina masimulizi mazuri tu, yenye mwanzo, kati na mwisho. Mwanzoni mwa mwaka mtumishi na msimamizi wake wanakaa, wanakubaliana malengo, na pembeni wanaandika rasilimali zitakazohitajika. Katikati ya mwaka wanakaa tena: umefika wapi, na mambo gani yamekukwamisha? Mwisho wa mwaka zinakuja alama, 1 mpaka 5, na 1 ndiyo bora, kama divisheni wani ya shuleni. Hapo pana safu tatu. Ya kwanza mtumishi anajipa alama. Ya pili msimamizi anampa yake. Ya tatu ni alama iliyokubaliwa.

Ndugu zangu, uhakiki wangu wote uko kwenye safu hiyo ya tatu. "Iliyokubaliwa" na nani? Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na mtendaji hayupo. Mdogo wangu alijipa 2. Bosi alimpa 4. Safu ya tatu: 4. Mwaka uliofuata tena, 2, 4, na 4. Nikamuuliza, "Mlikubalianaje?" Akanijibu, "Dada, kukubaliana ndo huko. Fomu inatakiwa kesho utumishi, bosi yuko mlangoni ana safari, unasaini." Fomu ilikuwa na nafasi ya mtu wa tatu wa kushuhudia, lakini imeandikwa "kama yupo". Wake hakuwepo. Ilikuwa pia na nafasi ya maoni ya mtumishi. Yeye aliandika "Asante".

Hapo ndipo naona fomu ya wazi ikifanya kazi ambayo ya siri haikuweza kuifanya. Ya siri ilikuhukumu bila wewe kujua, lakini angalau haikudai kwamba ulikubali. Ya wazi inakuhukumu, halafu inachukua sahihi yako ikawe shahidi dhidi yako. Wanaopinga hoja hii watasema kosa ni la watu, si la fomu. Nakubali kwa sehemu. Wapo wasimamizi waliokaa chini kweli na watu wao wakazungumza, na wapo watumishi waliojijazia 1 kila mstari bila haya. Lakini fomu isiyo na mahali pa kuandika "hatukukubaliana" inamlazimisha mnyonge kusema uwongo, na mnyonge kati ya hao wawili anajulikana.

Hata hivyo mhakiki mwaminifu husoma kitabu kizima, si sura ya mwisho peke yake. Nikarudi mwanzo. Kwenye rasilimali zilizokubaliwa, mwaka wa kwanza na wa pili, imeandikwa kwa mkono wa bosi mwenyewe: pikipiki na mafuta. Kwenye mapitio ya nusu mwaka, mdogo wangu aliandika: "mafuta hayakutolewa toka Septemba". Bosi kasaini ukurasa huo huo. Yaani ndani ya fomu moja, sehemu za mwanzo zinakiri kwamba afisa ugani hawezi kufika vijijini bila mafuta na kwamba mafuta hayakuwepo, halafu sehemu ya mwisho inamwita mzembe kwa kutofika vijijini. Katika riwaya ningesema msimulizi huyu haaminiki. Katika rufaa, hiyo ni hoja ya kwanza.

Hoja ya pili ni utaratibu, na hili nililijifunza kwa machungu yangu. Katika chuo kikuu cha umma ninachofundisha hapa Marekani niliwahi kunyimwa uprofesa kamili. Nilipokata rufaa niliandaa kurasa nyingi za kuonyesha ninavyostahili. Mwenyekiti wa kamati, kwa upole kabisa, aliniambia hawaulizi kama nastahili; wanauliza kama taratibu zilifuatwa. Nilishinda kwa jambo dogo: barua ya mkuu wa idara ilipaswa nionyeshwe kabla haijapanda juu, na sikuonyeshwa. Nilikuwa na baruapepe yenye tarehe. Fomu ya siri ya 1996 ilikuwa imenifuata mpaka ng'ambo, ila safari hii palikuwa na kanuni ya kuishika.

Na kwetu kanuni zipo, jamani. Kumshusha mtu cheo ni adhabu nzito. Inatakiwa hati ya mashtaka, nafasi ya kujitetea, na kamati ya uchunguzi inayomsikiliza mtuhumiwa. Nikamuuliza, kamati ilikuita? "Hapana, niliitwa ofisini nikaambiwa nijieleze kwa barua." Basi hiyo ni hoja ya pili, na pengine ndiyo itakayombeba. Asiporidhika na Tume anaweza kwenda kwa Rais, na hapo ndiyo mwisho wa ngazi hiyo. Na asidhani ataruka ngazi akimbilie kwenye vyombo vya kazi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016 mtumishi wa umma anatakiwa kwanza amalize njia za ndani ya utumishi wenyewe.

Mtaniuliza, hizo alama basi ziliwahi kumpandisha mtu? Hapa ndipo fomu inaponihuzunisha zaidi. Juni 2016 upandishaji vyeo ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na aliyepata 1 na aliyepata 5 wakasimama foleni moja. Baadaye walipofikiriwa waliocheleweshwa, wakaitwa wa "mserereko", kilichohesabiwa zaidi ni miaka waliyopoteza. Kwa maneno mengine, alama nzuri haikuwa na nguvu ya kumpandisha mtu bila ikama na bajeti, lakini alama mbaya ilikuwa na nguvu ya kumshusha wakati wowote. Maandishi yenye meno upande mmoja tu siwezi kuyaita tathmini.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 OPRAS imepisha mfumo wa kompyuta, PEPMIS. Sina haraka ya kuulaani. Kumbukumbu iliyo kwenye kompyuta haipotei kabatini kama karatasi. Lakini swali langu ni lile lile: mtumishi akitofautiana na msimamizi, tofauti hiyo inaandikwa wapi, na nani wa tatu anaisoma? Kama jibu halipo, tumehamisha safu ya tatu kutoka kwenye karatasi tukaiweka kwenye skrini.

Kwa ndugu zenu walioko kazini, naomba muwafikishie haya machache. Usiandike "Asante" mahali pa maoni kama huna cha kushukuru. Andika "sikubaliani, kwa sababu", kisha ndipo utie sahihi. Baki na nakala. Kila barua unayopeleka igongewe muhuri wa mapokezi. Na siku 45 zihesabu tangu siku ya barua, si tangu siku aibu ilipokwisha.

Mdogo wangu rufaa kaipeleka siku ya 41, nakala kwa mwajiri, muhuri upo. Hatujui itaamuliwaje. Ila aliponisomea kwa simu ile sentensi yake ya mwisho, "alama hiyo sikuikubali, niliitia sahihi tu", nilinyamaza kidogo. Miaka yangu yote kazini nyumbani, mimi sikupata hata pa kuiandika.

Nawasilisha.