Cheche Ilipopotelea

Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, imefikishwa gereji ikivutwa kwa kamba. Tuko Arusha, mji uliofurika magari ya jina hilo Oktoba 2024 kwa tamasha lao, kwa hiyo si ajabu kukuta gari la miaka ya sabini bado linatumika kutafutia riziki. Mwenyewe ana malalamiko mafupi: linawaka vizuri, likiachwa linanguruma bila shida, ila akikanyaga mafuta linazima. Plagi kashabadilisha, kabureta imesafishwa, na kuna fundi kamuuzia koili mpya. Bado linazima.

Fundi wa hapa ni mtu mzima asiye na haraka. Anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza swali moja. "Mzee, likizima, linafifia kwanza au linakata ghafla?"

"Linakata, fundi. Kama taa Tanesco wakichukua umeme wao."

Hapo nusu ya gari imeshaondolewa kwenye kesi. Injini inayokosa mafuta huhangaika kabla ya kufa: inavuta, inalegea, inashika tena kidogo. Injini iliyokosa moto hukata palepale. Kabureta ya watu ilifunguliwa bure.

Mfumo wenyewe wa moto ni wa zamani sana. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeubuni, ukaingia kwenye Cadillac za 1910, na ukaendelea kuendesha magari ya dunia kwa zaidi ya miaka sitini bila kubadilika sana. Umeme wa volti 12 unapita kwenye koili na kushuka ethi kupitia pointi, vile vidomo viwili vidogo vya chuma ndani ya distribyuta. Kamu ikizunguka inazitenganisha pointi, umeme unakatika, na nguvu ya sumaku iliyokuwa ndani ya koili inaporomoka na kuzaa volti elfu kumi na tano, ishirini, hata zaidi. Hizo ndizo zinazoruka kwenye ncha ya plagi. Kwa hiyo cheche haizaliwi umeme unapofika, huzaliwa unapokatwa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hizo zinafunguka na kufunga mara 100 kwa sekunde, na kila mara zinatakiwa zifanye hivyo kwa wakati wake. Ukilifikiria hilo, unashangaa zaidi kwamba magari haya huwa yanawaka.

Fundi anachomoa waya mnene wa katikati ya distribyuta, anaushika kwa plaisi yenye mpira na kuusogeza karibu na chuma cha injini, kisha anamwambia kijana wake apige stata. Cheche inaruka, nene, ya bluu, na mlio wake unasikika. Ingekuwa nyembamba ya manjano angeshuku kondensa au koili. Anarudisha waya, anachukua globu ndogo yenye waya mbili, moja anaibana kwenye upande hasi wa koili, nyingine kwenye ethi. Stata tena. Globu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Maana yake pointi zinafunguka na kufunga. Ingewaka moja kwa moja, pointi hazigusani. Ingekaa giza, ama umeme haufiki, ama mahali fulani unavujia ethi. Globu ya bei ya chai inajibu maswali matatu.

Wengi wangeishia hapa na kusema moto upo. Yeye anakaa kwenye tairi kuukuu na kufikiri: mguu ukikanyaga mafuta, ni kitu gani kinasogea ndani ya distribyuta ambacho kilikuwa kimetulia?

Kipo kimoja. Ubavuni mwa distribyuta kuna kikombe cha vakyumu chenye mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Ukikanyaga, kabureta inavuta hewa kupitia mpira huo, na sahani iliyobeba pointi inazungushwa nyuzi chache ili cheche iwahi.

Anafungua kifuniko, anazungusha injini kwa mkono mpaka pointi zifungane na kisigino chake kikae katikati ya ubapa wa kamu. Hili la ubapa ni dogo lakini ndilo linalonifanya nimheshimu: asipofanya hivyo, sahani ikizunguka inaweza kuzifungua pointi yenyewe na kumdanganya. Anafungulia swichi. Globu iko giza, kama inavyotakiwa. Anachomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, anauweka mdomoni na kunyonya.

Sahani inasogea. Globu inawaka.

"Mzee, pointi zimefungana!" kijana anasema.

"Naziona. Sasa njoo utazame huku."

Pointi zimegusana kabisa, lakini umeme hauzifikii. Anaachia mpira, sahani inarudi, globu inazima. Ananyonya tena, inawaka. Kwa ncha ya bisibisi anaugusa waya mfupi mweusi unaoingia kwenye pointi. Ganda lake ni zima, halina hata mchubuko. Anaukunja kwa vidole, unalegea sehemu moja mno: nyuzi za ndani zimekatika kwa kukunjwa miaka yote hiyo, zinagusana waya ukilegea, zinaachana ukivutwa.

Anautengeneza upya kwa waya laini wa nyuzi nyingi, anauachia urefu wa kutosha kucheza, anapima nafasi ya pointi kwa filageji ya milimita 0.4, ananyonya mpira kwa mara ya mwisho. Giza. Kisha anamwomba mwenyewe ile koili ya zamani, anaifunga badala ya mpya, anawasha na kukanyaga mafuta mpaka chini. Halizimi: koili ya zamani ilikuwa nzima siku zote. Ile mpya anamrudishia, aiweke chini ya kiti kwa safari za mbali.