Kusikia Si Kuona: Michoro Miwili ya Kongo



Picha ikitundikwa ukutani inamfundisha kila anayeingia, awe anajua kusoma au hajui. Hapa kwetu Kalembe, mahali Masisi inapopakana na Walikale, tunazijua picha za namna hiyo: ile ya kunawa mikono, ile ya chanjo ya watoto, kalenda ya parokia, na zile picha kubwa za katekisimu walizofundishwa nazo wazee wetu. Tunazipita kila siku. Ni wachache wanaosimama na kuuliza: Je, aliyechora picha hii alikiona alichokichora?

Leo tutalichukua swali hilo na kupima nalo makundi mawili ya michoro ya nchi yetu ya Kongo. Makundi hayo yote mawili yalichorwa katika miaka ileile, karibu na 1930. Yote yalitazamwa na watu wa mji mmoja, Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji. Yote yanatunzwa leo katika nyumba za Ulaya kwa uangalifu mkubwa. Lakini kundi moja limejulikana duniani kote, na la pili lilisahauliwa kwa miaka mingi sana.

Tuanze na lile lililosahauliwa.

Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliona huko Bukama, katika Katanga, nyumba zilizopambwa kwa picha kutani. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Sote tunajua maisha ya picha iliyopakwa juu ya ukuta wa udongo: masika mawili, matatu, nayo imekwenda na maji. Thiry akampa Lubaki karatasi na rangi za maji, ili kazi yake iweze kudumu na kusafiri. Mke wa Lubaki, Antoinette, naye akachora. Baadaye, katika Kasai, Thiry alimpata mchoraji mwingine, fundi wa kushona nguo. Wazungu waliliandika jina lake Djilatendo, lakini jina lenyewe ni Tshyela Ntendu.

Karatasi hizo zilipelekwa Bruxelles kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa wizara ya makoloni, aliyeipenda sana sanaa ya Kongo. Mwaka 1929 zilionyeshwa katika Jumba la Sanaa la mji huo, na mwaka 1930 Genève, katika nchi ya Uswisi. Mwaka 1931 picha za Djilatendo zilitiwa katika kitabu cha hadithi za Kongo kilichotolewa kwa jina la Badibanga. Leo sehemu ya michoro hiyo imo katika Maktaba ya Kifalme ya Bruxelles, ndani ya chumba cha michoro na chapa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Karatasi ya Lubaki inabaki nyeupe kwa sehemu kubwa. Hakuna mbingu, hakuna milima ya nyuma, hakuna vivuli. Mnyama anasimama wazi, ametazamwa ubavuni, kama mwindaji anavyomwona kabla hajakimbia. Mti una matawi unayoweza kuyahesabu, na ndege wametua juu yake. Watu wanatembea wamefuatana, kama sisi tunavyofuatana katika njia nyembamba ya shambani. Kazi ya Djilatendo ni nyingine. Mara nyingi yeye hujaza karatasi yote kwa mistari na pembe zinazorudiarudia, nazo zinatukumbusha vitambaa vya rafia vya Wakuba, jirani zake wa Kasai. Si ajabu kwa mtu aliyeshinda na sindano na nguo. Kila mmoja wao alichora kwa jicho lililozoezwa na kazi yake: mmoja kwa jicho la mchongaji, anayetafuta umbo, mwingine kwa jicho la mshonaji, anayetafuta mpangilio.

Tuje kwenye kundi la pili.

Katika miaka hiyohiyo palikuwa na kijana wa Bruxelles aliyeitwa Georges Remi, aliyetia sahihi Hergé. Alichora katika gazeti la watoto, Le Petit Vingtième, lililotolewa pamoja na gazeti la kila siku la Wakatoliki. Mkuu wa gazeti hilo alikuwa padri, Norbert Wallez. Tuliseme jambo hilo wazi, kwa sababu nasi tunasoma gazeti la Kikatoliki. Wallez alitaka vijana wa Ubelgiji waipende koloni yao. Basi mwaka 1930 na 1931 Hergé akamtuma kijana wake wa hadithi, Tintin, pamoja na mbwa wake, kuja Kongo. Hadithi ikawa kitabu, na kitabu hicho kimechapishwa tena na tena. Tangu mwaka 2009 Hergé ana nyumba yake ya makumbusho huko Louvain-la-Neuve, na watu wanaingia kuyatazama makaratasi aliyochorea kwa mkono wake.

Lakini Hergé hakufika Kongo. Alichokichora alikipata kwa wengine na katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles. Yule mtu-chui wa kitabu chake ametoka moja kwa moja katika sanamu iliyotengenezwa na Mbelgiji Paul Wissaert mwaka 1913 na kuwekwa Tervuren. Ni kweli kwamba watu-chui wamo katika historia, upande wa Ituri na Beni, na waliwatia watu hofu. Lakini sanamu ile iligeuza uovu wa wachache kuwa sura ya nchi nzima, na Hergé akainakili sanamu akidhani anamnakili Mkongo.

Tusimwonee. Mkono wake ni hodari kweli. Mstari wake ni safi, na msomaji hahitaji kuuliza nani anakimbia, nani anaanguka. Kila picha inakuvuta kwenda kwenye inayofuata. Kwa ufundi huo wachoraji wengi wa hadithi za picha, hata wa Afrika, wamejifunza kwake. Lakini ufundi wa mkono hauwezi kuziba pengo la jicho. Tazama nyuso. Wazungu wa kitabu kile kila mmoja ana uso wake: huyu ana ndevu, huyu pua ndefu. Waafrika wana karibu uso mmoja wote, macho ya mviringo na midomo minene, na maneno yao yamevunjwavunjwa ili msomaji acheke. Asiyewajua watu hawezi kuwatofautisha. Hiyo ndiyo alama ya kumtambulia.

Tena kuna mahali ambapo gari la Tintin linagongana na gari la moshi, nalo gari la moshi ndilo linaloanguka. Abiria wake, Waafrika, wanaamriwa na mtoto wa kizungu waliinue, na wanalaumiwa kwa uvivu. Sasa rudini Bukama. Reli kutoka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilifika huko mwaka 1918. Nani alibeba mataruma? Nani alipasua njia? Lubaki aliishi katika mji ambao watu wake waliijua reli kwa mabega yao. Kijana wa Bruxelles aliiwazia tu, na katika mawazo yake wale waliobeba wakawa wavivu.

Msomaji mmoja anaweza kusema: Mnampendelea Lubaki kwa kuwa ni wetu. Hata yeye hakuchora nyuso vizuri, na vipimo vyake si sawa. Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa. Ni kweli kwamba watu wa Lubaki ni wadogo, na nyuso zao hazielezi mengi. Mtu anayetafuta sura ya fulani hataipata kwake. Lakini utaona mwendo wa mtu na namna anavyosimama. Utaona pia kwamba hakuna anayechekwa kwa sababu ya midomo yake. Upungufu wa Lubaki ni wa mtu anayechora kidogo kuliko alichokiona. Upungufu wa Hergé katika kitabu kile ni wa mtu anayechora zaidi ya alichokiona. Wa kwanza anakuachia nafasi ya kujua zaidi. Wa pili anakushibisha uongo, nawe unaondoka ukidhani umejua.

Mwingine atasema: Mambo ya zamani hayo, kijana yule angejuaje? Hapo tunapata jibu katika maisha ya Hergé mwenyewe. Mwaka 1934 alipotaka kumpeleka Tintin China, padri mmoja, Léon Gosset, mlezi wa wanafunzi wa Kichina huko Louvain, alimwomba awe mwangalifu asiwadharau Wachina. Akakutanishwa na Zhang Chongren, Mchina aliyekuwa akisomea sanaa Bruxelles. Wawili hao wakawa marafiki. Zhang alimweleza habari za nchi yake, akamwandikia hata maneno ya Kichina yanayoonekana kwenye kuta za mitaa katika michoro. Kitabu kilichotoka humo kina watu wa China wenye nyuso zao na uchungu wao. Kumbe aliweza! Alihitaji mtu wa kumwonyesha.

Basi, kwa nini hakumwuliza mtu yeyote wa Kongo? Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Mwaka 1929, mwaka mmoja kabla ya Tintin kuja Kongo, karatasi za Lubaki zilikuwa zimetundikwa katika mji uleule wa Bruxelles. Ushahidi wa macho ya Mkongo ulikuwepo mlangoni. Watu walikwenda kuutazama, wakausifu, kisha wakawapa watoto wao kitabu cha asiyeona. Katikati ya miaka ya 1930 karatasi na malipo vilikatika, na michoro ya Lubaki, Antoinette na Djilatendo ikakatika navyo. Kitabu cha Tintin kikaendelea. Mwaka 1946 kilichorwa upya kwa rangi. Lile somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liliondolewa, likawekwa somo la hesabu. Nyuso zikabaki zilivyokuwa.

Baadaye Hergé alikubali kwamba alikuwa amelishwa mawazo ya watu wa wakati wake. Alifariki mwaka 1983. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji alikipeleka kitabu mbele ya mahakama ya Bruxelles, ili kizuiwe; mwaka 2012 mahakama ilikataa. Sisi hatuombi kitabu kichomwe. Kitu kilichochomwa hakifundishi tena. Tunaomba kiwekwe karibu na karatasi za Lubaki, ukurasa kwa ukurasa, na mtoto aulizwe: Yupi kati ya hawa alikuwepo?

Kazi hiyo imeanza kidogo. Mwaka 2015 huko Paris yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na hesabu yake ya miaka ilianza na 1926, yaani mwaka wa Lubaki. Nyumba ya Tervuren ilifungwa mwaka 2013 kwa matengenezo, ikafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2018. Sanamu ya mtu-chui imeondolewa kwenye vyumba vikubwa, ikawekwa pamoja na sanamu nyingine zilizostaafishwa. Karibu nayo imetundikwa picha ya Chéri Samba, mchoraji wa Kinshasa, aliyoitoa mwaka 2002. Inaonyesha Wakongo wakiivuta sanamu ile kwa kamba waitoe nje, na wengine wakiivuta irudi ndani, huku mkuu wa nyumba akitazama kutoka ngazini. Safari hii Mkongo ndiye anayewachora Wabelgiji na makumbusho yao.

Na sisi wa Kalembe? Habari hii inatugusa karibu kuliko tunavyodhani. Bango la kunawa mikono mara nyingi linaonyesha bomba la chuma na sinki, na wengi wetu tunachota kwenye chemchemi. Mafundisho yake ni mazuri, tuyafuate. Lakini mama akitazama anaona kwamba picha ile haikumfikiria yeye. Tena, tangu vita vilipofika hapa mwezi wa Oktoba 2024, sura yetu inayokwenda mbali ni moja: mtu anayekimbia na godoro kichwani. Sura hiyo ni ya kweli. Lakini kama ni hiyo peke yake, watakaokuja watadhani hatukuwahi kulima maharagwe, kuoa, kuimba, wala kucheza mpira.

Watoto wetu wanachora. Wanachora kwa makaa kutani na kwa kijiti mavumbini, na mvua inafuta kama ilivyofuta Bukama. Walimu wapendwa, mpeni mtoto nusu ya karatasi, mwambieni achore njia ya kwenda kisimani, au soko, au nyumba waliyoikimbia. Msimpe picha ya kunakili. Nyuma ya karatasi mwandike jina lake kama anavyoitwa nyumbani, kijiji na tarehe. Kisha mtafute bati lenye kifuniko, maana mchwa hawasomi, na mliweke katika kabati ya parokia. Lubaki alihitaji mgeni ili kazi yake idumu, na ikadumu mbali na watu wake. Ya watoto hawa inaweza kudumu hapahapa.