Hongera, watafiti wa Naliendele

Mkulima wa Mtwara anapopuliza salfa kuukinga mkorosho na ugonjwa wa ubwiriunga, nyuma yake yupo mtafiti, mtumishi wa serikali asiyejulikana hata na jirani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, mkoani Mtwara, kina watu wa namna hiyo. Kazi yao haiishii kwenye magonjwa. Aina mpya ya mkorosho nayo huanzia kwenye ua: mtafiti huchukua chavua ya mti mmoja, hulipaka ua la mti mwingine kwa mkono, hulifunika, huliwekea alama. Kisha husubiri. Miaka hupita kabla ya kujulikana kama mche unafaa. Huenda matunda akayaona mrithi wake ofisini. Kwangu, subira hiyo yastahili nishani kuliko hotuba nyingi za sikukuu ya wakulima ya Nane Nane. Vijana mnaohitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ombeni kazi Naliendele.